Mganga Semmelweis na Homa ya Uzazi

Zamani, katika nchi ya Hungaria huko Ulaya, palikuwa na miji miwili iliyotazamana, mto Danube ukipita katikati. Ng'ambo moja uliitwa Buda, ng'ambo ya pili uliitwa Pest. Leo miji hiyo imeungana, nayo huitwa Budapest. Katika Buda alikaa mfanya biashara mmoja mwenye duka la vyakula, jina lake József Semmelweis. Tarehe 1 Julai 1818 mke wake alizaa mtoto mwanamume, wa tano katika watoto kumi, akaitwa Ignaz.

Mwaka 1837 Ignaz alikwenda Vienna, mji mkuu wa Kaisari wa Austria, kujifunza sheria. Lakini mwaka uliofuata aliviacha vitabu vya sheria, akaingia katika masomo ya uganga. Mwaka 1844 alipata shahada yake. Kisha tarehe 1 Julai 1846, siku ile ile alipotimiza miaka 28, alianza kazi ya msaidizi wa Profesa Johann Klein, aliyekuwa mkubwa wa wanawake wazazi katika Hospitali Kuu ya Vienna.

Hospitali hiyo ilikuwa kubwa sana. Wanawake maskini walikuja kuzaa pale bila kulipa, na wanafunzi walijifunza kazi kwa kuwatunza. Mahali pa wazazi paligawanywa pande mbili. Upande wa Kwanza walifundishwa vijana wa uganga. Upande wa Pili walifundishwa wakunga, yaani wanawake wanaosaidia wenzao wakati wa kuzaa. Wazazi walipokelewa kwa zamu: siku moja waliingia Upande wa Kwanza, siku nyingine Upande wa Pili. Hakuna mama aliyeruhusiwa kuchagua.

Sasa, jambo la kutisha lilikuwa hili. Katika mwaka 1846 wanawake 4010 walizaa Upande wa Kwanza, wakafa 459. Upande wa Pili walizaa 3754, wakafa 105. Wote walikuwa maskini wa mji mmoja, walikula chakula kimoja, walilala katika hospitali moja. Lakini upande wa waganga, watu wenye elimu nyingi, mauti yalikuwa mara nne kuliko upande wa wakunga.

Ugonjwa uliowaua uliitwa homa ya uzazi. Mama alizaa vizuri, akafurahi na mtoto wake. Baada ya siku moja au mbili alianza kutetemeka kwa baridi, kisha mwili ukawaka moto, tumbo likavimba na kuuma sana. Baada ya siku chache alikufa, na mara nyingi mtoto alimfuata mama yake. Habari hizi zilijulikana mjini kote. Wanawake walipoambiwa kwamba siku hiyo ni zamu ya Upande wa Kwanza, walipiga magoti na kulia, wakiomba warudishwe nyumbani. Wengine walikawia makusudi wakazaa njiani, ndipo wakafika hospitali na mtoto mikononi. Na ajabu ni kwamba hao waliozaa njiani, pasipo mganga wala kitanda, hawakupata homa ile kama wenzao.

Semmelweis hakupata usingizi kwa ajili ya mambo hayo. Aliwauliza wakubwa wake, nao walisema kwamba hewa ya mji ni mbaya. Yeye aliwaza: hewa ya pande zote mbili ni ile ile moja, mbona haiwaui wa Upande wa Pili? Wengine walisema kwamba vyumba vimejaa watu mno. Akahesabu, akaona kumbe Upande wa Pili ndio uliojaa zaidi, kwa sababu wanawake walikimbilia huko. Aliona kwamba wakunga huwalaza wazazi ubavu na waganga huwalaza chali. Aliagiza Upande wa Kwanza nao wawalaze ubavu. Hapakuwa na badiliko.

Basi akafikiri habari ya padri. Padri alipoleta Sakramenti kwa mama anayekaribia kufa, Upande wa Kwanza ilimlazimu apite katika vyumba vitano vya wazazi, kengele ikilia mbele yake. Upande wa Pili aliweza kufika kwa mgonjwa moja kwa moja. Labda wazazi waliposikia kengele mchana na usiku walishikwa na hofu, na hofu ikaleta homa? Semmelweis mwenyewe alistuka kila alipoisikia. Alimwomba padri apite njia nyingine, polepole, bila kengele. Padri akakubali. Lakini wanawake waliendelea kufa kama zamani.

Katika mwezi wa tatu wa mwaka 1847 alikwenda Venezia pamoja na rafiki zake ili apumzike kidogo. Aliporudi alikuta msiba. Rafiki yake Jakob Kolletschka, profesa aliyefundisha kuchunguza maiti, alikuwa amekufa. Mwanafunzi mmoja alikuwa amemchoma kidole kwa kisu walipokuwa wakipasua maiti pamoja. Kidonda kilikuwa kidogo tu, lakini mkono ulivimba, homa ikampanda, akafa.

Semmelweis alimlilia rafiki yake. Kisha alisoma maandiko ya waliopasua mwili wa Kolletschka, na hapo akili yake ikafunguka. Dalili zote alizoziona kwa wanawake wazazi zilikuwa ndizo hizo zilizomwua Kolletschka. Basi ugonjwa ni mmoja. Na kama kisu kilitia uchafu wa maiti katika damu ya Kolletschka, ni kitu gani kilichoutia katika miili ya wazazi?

Ilikuwa ni mikono. Kila asubuhi waganga na wanafunzi wao walipasua maiti ili wajifunze. Kisha walinawa kwa sabuni na maji, wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Mikono yao ilikuwa myeupe machoni, lakini ilinuka harufu ya maiti. Wakunga hawakugusa maiti. Hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti ya pande mbili, wala si hewa, wala si kengele.

Maarifa hayo yalimwumiza sana, kwa maana yeye alikuwa amepasua maiti nyingi kuliko waganga wengi, akitafuta njia ya kuwaokoa wazazi. Alikiri mbele ya watu wote kwamba yeye mwenyewe, bila kujua, alikuwa amewapeleka wanawake wengi kaburini.

Katikati ya mwezi wa tano 1847 aliweka beseni mlangoni pa Upande wa Kwanza. Ndani yake mlikuwa na maji ya dawa ya klorini. Baadaye alitumia chokaa yenye klorini, kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo. Kila aliyetoka kwenye maiti alilazimishwa kunawa na kusugua mikono na kucha mpaka harufu iishe. Wanafunzi walinung'unika, maana dawa ile iliwasha ngozi. Semmelweis alisimama pale pale akiwatazama. Katika mwezi wa nne wanawake 57 walikuwa wamekufa katika 312. Katika mwezi wa sita walikufa 6 katika 268, na katika mwezi wa saba 3 katika 250.

Hata hivyo kazi haikuwa imekwisha. Katika mwezi wa kumi mwanamke mmoja mwenye kansa ya tumbo la uzazi, iliyokuwa ikitoa usaha, alilazwa katika kitanda cha kwanza. Waganga walimpima yeye kwanza, wakanawa kwa sabuni tu, kisha wakawapima wenzake waliofuata vitandani. Katika wale kumi na wawili walikufa kumi na mmoja. Semmelweis aliona kwamba uchafu wa kuua hautoki kwa maiti tu, unaweza kutoka hata kwa mtu aliye hai. Tangu siku hiyo aliamuru kunawa kwa dawa kabla ya kumgusa kila mgonjwa. Mwaka 1848 walizaa wanawake 3556 Upande wa Kwanza, wakafa 45. Ilipita miezi miwili mizima katika mwaka huo bila mama hata mmoja kufa.

Mtu angedhani kwamba waganga wote wa Ulaya wangemshukuru. Haikuwa hivyo. Wachache, kama rafiki yake Ferdinand von Hebra, walimsadiki na kuandika habari zake. Lakini wengi waliudhika, kwa maana kukubali maneno yake ni kukubali kwamba mikono yao wenyewe imewaua wagonjwa wao. Tena yeye hakuweza kueleza vizuri ni kitu gani kilicho katika uchafu ule, maana vidudu vya ugonjwa visivyoonekana kwa macho vilikuwa havijajulikana bado. Profesa Klein hakumpenda, na mwaka 1849 Semmelweis aliondolewa katika kazi yake.

Yeye naye alikuwa na makosa. Alipenda kazi, hakupenda kuandika. Alikawia miaka mitatu kabla ya kusimama kusema mbele ya chama cha waganga wa Vienna. Na katika mwezi wa kumi 1850 aliondoka ghafula akarudi kwao, bila kuwaaga hata wale waliomtetea. Walisikitika sana, na haki ilikuwa yao.

Huko Pest alikubali kazi ya bure katika hospitali ya Mtakatifu Roko. Kwa miaka sita walizaa pale wanawake 933, na homa ya uzazi ikawaua 8 tu. Mwaka 1855 alifanywa profesa. Katika hospitali ya chuo kikuu aligundua kwamba homa inarudi kwa sababu mashuka hayafuliwi vizuri, ili fedha zisitumike nyingi. Aligombana na wakubwa mpaka wazazi wakapata mashuka safi. Mwaka 1857 alimwoa Maria Weidenhofer, wakazaa watoto watano, wawili wakafa wangali wachanga.

Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1861. Kilikuwa kirefu na kigumu kusomeka, na maprofesa wengi walikikataa. Hapo uvumilivu ukamwishia. Aliwaandikia barua za wazi, akiwaita wauaji. Aliyokuwa akiwaambia juu ya kunawa yalikuwa kweli, lakini mtu aliyetukanwa mbele ya watu hataki tena kusikia, nao wazazi ndio walioendelea kulipa.

Baadaye akili yake iliharibika. Mwezi wa saba 1865 Hebra alimpeleka katika nyumba ya wenye wazimu karibu na Vienna. Walinzi walimpiga. Kidonda cha mkono kilioza, sumu ikaingia katika damu, na tarehe 13 Agosti 1865 alikufa, mwenye miaka 47, kwa ugonjwa wa namna ile ile uliomwua Kolletschka.

Siku moja kabla ya kufa kwake, katika mji wa Glasgow, mganga Joseph Lister alianza kutumia dawa ya kuua uchafu katika kidonda cha mtoto aliyevunjika mguu. Mwaka 1879 Louis Pasteur aliwaonyesha waganga wa Paris vidudu vya homa ya uzazi, akavichora ubaoni vikifuatana kama shanga katika uzi. Sasa kitu kilichokuwa mikononi kilikuwa na umbo na jina.

Mifupa ya Semmelweis ilirudishwa Budapest mwaka 1891, na leo imewekwa ukutani katika ua wa nyumba ile ya Buda alimozaliwa.