Justus von Liebig, mkemia aliyeonyesha mmea unakula nini

Kila siku katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, wamama wanauza maharagi, mihogo, ndizi na lenga-lenga kutoka Kabare, Walungu na Kalehe. Chakula kinaingia mjini, kinaliwa, na uchafu unaishia ndani ya mifereji na mto Kawa hadi ziwa Kivu. Shamba lililotoa chakula hicho mara nyingi halirudishiwi kitu.

Zaidi ya miaka 150 iliyopita, mkemia Mjerumani alionya juu ya jambo hilo hilo. Jina lake ni Justus von Liebig. Ni mmoja wa watu waliofanya leo mfuko wa mbolea uandikwe herufi N, P na K, yaani azoti, fosfori na potasi.

Mtoto wa mwaka wa njaa

Liebig alizaliwa tarehe 12 Mei 1803 mjini Darmstadt. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa rangi na madawa ya kemia, na alikuwa na karakana ndogo. Humo mtoto alijifunza kuchanganya na kuchemsha vitu kabla hajajua maana yake. Shuleni hakufanya vizuri. Alipelekwa kujifunza kazi katika duka la dawa mjini Heppenheim, lakini hakumaliza hata mwaka mmoja.

Alipokuwa na miaka 13, njaa ilipiga Ulaya. Mwaka wa 1815 volkeno ya Tambora, katika inchi inayoitwa leo Indonesia, ililipuka kwa nguvu sana. Majivu na gesi zake zilizuia jua, na mwaka wa 1816 ukapita bila kiangazi. Mavuno yalioza mashambani na bei ya mkate ikapanda. Watu wa Kivu, wanaojua Nyiragongo na Nyamulagira, wanaweza kuelewa namna mlima mmoja unavyoweza kuvuruga maisha ya watu wengi.

Profesa wa miaka 21

Liebig alisoma Bonn na Erlangen. Mwaka wa 1822 mtawala wa Hesse alimlipia masomo mjini Paris, ambako alifanya kazi na mkemia Gay-Lussac. Mwaka wa 1824, akiwa na miaka 21 tu, akawa profesa mjini Giessen. Huko alifungua maabara ambamo wanafunzi walijifunza kwa mikono yao wenyewe, si kwa kusikiliza mwalimu tu. Vijana walitoka Uingereza, Ufaransa na hata Marekani kuja kujifunza kwake.

Kitabu cha mwaka wa 1840

Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba mmea unakula udongo mweusi wa majani yaliyooza. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1840, Liebig alipinga. Alieleza kwamba mmea unapata kaboni kutoka hewani, na kutoka udongoni unachukua madini yaliyoyeyuka ndani ya maji. Samadi ya ngombe inasaidia kwa sababu ikioza inaachia madini hayo.

Alieneza pia kanuni ya upungufu, ambayo Mjerumani mwenzake Carl Sprengel aliiandika mbele yake, tangu mwaka wa 1828. Kanuni hiyo inasema mavuno yanapimwa na kile kinachopungua zaidi. Watu waliokuja baadaye waliifananisha na pipa la mbao: ubao mmoja ukiwa mfupi, maji yanamwagikia hapo, hata kama mbao zingine ni ndefu. Shamba likikosa fosfori, kuongeza azoti mara mbili ni kupoteza pesa.

Kosa lililomuaibisha

Mwaka wa 1845 Liebig alipewa cheo cha baron. Mwaka huo huo mbolea yake mwenyewe iliuzwa Uingereza, na ikashindwa vibaya. Kulikuwa na makosa mawili. Kwanza, aliogopa mvua itabeba madini, basi akayayeyusha kwa moto pamoja ili yawe magumu kama kioo. Yakawa magumu hata mizizi haikuweza kuyachukua. Pili, aliamini kwamba mimea inapata azoti ya kutosha kutoka hewani na mvua.

Kwenye shamba la Rothamsted, Waingereza Lawes na Gilbert walikuwa wamekwisha kuanza majaribio tangu mwaka wa 1843. Walionyesha kwamba ngano bila azoti ya kuongezwa inatoa mavuno madogo. Liebig aligombana nao kwa miaka mingi, kwa maneno makali. Lakini kuhusu ugumu wa mbolea yake, katika miaka ya 1860 alikubali mbele ya watu wote kwamba alikosea: udongo wenyewe unajua kushika madini, hakukuwa na haja ya kuyafunga.

Miji inayokula mashamba

Tangu mwaka wa 1852 Liebig aliishi Munich. Katika miaka ya mwisho alisumbuliwa na swali la miji mikubwa. Alisema wazi kwamba mji unaochukua nafaka na kutupa uchafu wake mtoni unaiba nguvu ya udongo. Aliwasihi wakubwa wa London warudishe uchafu huo mashambani. Hawakumfuata, mabomba mapya yaliupeleka mto Thames, chini ya mji.

Alikufa tarehe 18 Aprili 1873 mjini Munich, akiwa na miaka 69. Chuo kikuu cha Giessen kinabeba jina lake mpaka leo.

Kutoka pipa hadi mfuko

Kazi iliendelea. Kuanzia mwaka wa 1860, Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walikuza mimea ndani ya maji yenye chumvi chache tu, bila udongo hata kidogo. Ndiyo njia inayotumika leo kwa nyanya na saladi katika inchi nyingi, na hata kwa bangi kule sheria inaporuhusu, kama Kanada tangu mwaka wa 2018. Chupa za virutubisho zinazouzwa huko ni nyingi na zina majina mazuri, lakini swali la kuchagua ni lile lile la Liebig: ni kitu gani kinachopungua?

Swali hilo linamhusu pia mama wa Kadutu anayepanda lenga-lenga ndani ya mfuko mbele ya nyumba, kwa sababu kiwanja hakuna. Majani ya chini yakigeuka manjano, mara nyingi azoti imepungua. Mahindi yakiwa na rangi ya zambarau, mara nyingi ni fosfori. Kingo za majani ya zamani zikikauka kama zimeungua, mara nyingi ni potasi. Na kila ganda la ndizi na kila jivu la makala linalotupwa mtoni lilikuwa na potasi ambayo mfuko ule ungeihitaji.