Freddie Mercury: Mzaliwa wa Zanzibar aliyeanza baleti akiwa na miaka 33

Mzazi wa Upanga anayesogeza sofa ukutani ili mtoto wake apate kona ya kufanyia baleti hatakosa kusikia swali hili kutoka kwa ndugu au jirani: hii kitu inatuhusu nini sisi? Jibu moja liko karibu tu, ng'ambo ya bahari. Mmoja wa watu maarufu zaidi waliowahi kuzaliwa Zanzibar alipanda jukwaani London na wachezaji wa Royal Ballet.

Huyo ni Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Tatizo ni kwamba alianza akiwa mtu mzima, na mwili ulimlipisha.

Ada ya ziada iliyobadilisha maisha

Alizaliwa Septemba 5, 1946, Unguja, jina lake Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India. Baba alikuwa mtunza fedha wa mahakama, mtumishi wa serikali ya Waingereza. Walikuwa na maisha mazuri, ila hawakuwa matajiri wa kutupa pesa.

Akiwa na miaka 8 tu walimpandisha meli kwenda India, shule ya bweni ya St Peter's iliyoko Panchgani. Huko ndiko wenzake walianza kumwita Freddie.

Mkuu wa shule aliona kijana ana kitu kwenye muziki. Akawaandikia wazazi Zanzibar kuwaomba waongeze ada kidogo ili mtoto afundishwe piano vizuri. Wangeweza kukataa, maana piano haikuwa somo la kumpatia mtu kazi serikalini. Walikubali.

Freddie akasoma piano mpaka daraja la nne, vitendo na nadharia. Akaimba kwaya, akacheza maigizo, na pamoja na wenzake wanne akaanzisha bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Yeye alikuwa kwenye piano.

Kwa hiyo kabla ya umaarufu wote, kulikuwa na wazazi wawili waliokuwa mbali na mtoto wao, wakalipia kitu ambacho hata wao hawakujua kitamfikisha wapi.

Piano kichwani mwa kitanda

Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na familia ikahamia Uingereza, kwenye nyumba ndogo ya Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Freddie alikuwa na miaka 17. Alifanya vibarua, akasoma sanaa ya michoro chuo cha Ealing, akamaliza 1969. Mwaka uliofuata Queen ikazaliwa.

Pesa ilikuwa bado ngumu na vyumba vilikuwa vidogo. Piano yake ilikaa kichwani mwa kitanda, ili wazo likija usiku aweze kuligusa palepale. Ukikaa fleti ya vyumba viwili utaelewa: kama kitu ni cha muhimu, kinapewa nafasi, hata kama nafasi yenyewe haipo.

Mwaka 1975 alinunua piano ya Yamaha, akahama nayo mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka huohuo ulitoka wimbo wa Bohemian Rhapsody, uliokaa namba moja Uingereza kwa wiki 9. Piano hiyo iliuzwa kwa mnada London mwaka 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 1.7.

Siku chache za kulipa deni la miaka

Baleti ilikuja baadaye. Freddie aliipenda kama mtazamaji, hasa kazi za Mrusi Vaslav Nijinsky. Mwaka 1979 akaalikwa kucheza na Royal Ballet kwenye onyesho la hisani la kuchangia watoto wenye ulemavu wa akili. Mchezaji Wayne Eagling ndiye aliyemwandaa.

Hapo ndipo stori inapowahusu wazazi. Freddie alipelekwa kwenye chumba cha mazoezi, akashikishwa lile bomba refu la ukutani ambalo wachezaji hulishika wakinyoosha miguu. Wenzake walikuwa wamelishika tangu utotoni. Yeye alitakiwa kufanya ndani ya siku chache kile walichokijenga kwa miaka. Alisimulia baadaye kwamba maumivu yalimpata hata kwenye misuli asiyojua kama anayo.

Oktoba 7, 1979, ukumbi wa London Coliseum, aliingia jukwaani akiwa na miaka 33. Aliimba moja kwa moja huku wachezaji wakimbeba na kumgeuza kichwa chini miguu juu. Watazamaji wa baleti walimshangilia. Hakuwa mchezaji wa baleti na alijua hilo, lakini alifanya mazoezi na akatokea.

Mwaka 1984 alirudia na wachezaji wa Royal Ballet kwenye video ya I Want to Break Free. Akanyoa mpaka masharubu yake maarufu ili aigize uhusika wa Nijinsky.

Freddie alifariki Novemba 24, 1991, nyumbani kwake London, kwa nimonia iliyotokana na Ukimwi. Alikuwa na miaka 45. Siku moja tu kabla ndipo alitangaza hadharani kwamba anaumwa. Mwaka 2019 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Mji Mkongwe, Zanzibar.

Kwa mwenye kona Upanga

Mtoto hahitaji ukumbi. Anahitaji vitu vitatu.

Cha kwanza ni sakafu. Fleti nyingi zina saruji au vigae, na kurukaruka juu yake kunaumiza magoti, vifundo na mifupa ya mbele ya mguu. Fundi mbao anaweza kuweka tabaka la sponji ngumu, juu yake plaiwudi mbili zilizopishana maungio, kisha kapeti la plastiki lisiloteleza. Jirani wa chini naye atashukuru.

Cha pili ni bomba la kushikia. Kwa mafundi wa kuchomelea, Gerezani kwa mfano, unaweza kutengenezewa stendi ya mabomba mawili, moja la chini na moja la juu, ili mtoto asilizidi baada ya mwaka mmoja. Liwe usawa wa kiuno chake au juu kidogo, aweze kuliwekea mkono bila kupandisha bega. Stendi isiyotikisika ni bora kuliko bomba lililofungwa kwenye ukuta dhaifu.

Cha tatu ni kioo, na hiki kinaweza kusubiri. Kikiwepo, kifungwe imara ukutani, kisiegemezwe.

Tahadhari moja: viatu vya kusimamia ncha za vidole si vya kununua kama zawadi. Mtoto huvivaa baada ya miaka ya mafunzo, kwa kawaida si kabla ya miaka 11 au 12, na mwalimu ndiye anayesema sasa yuko tayari. Kona ya nyumbani ni ya kurudia alichofundishwa, si ya kujifunza mapya peke yake kwenye simu.

Bomi na Jer hawakujua wanalea nani. Walichofanya ni kusikiliza mwalimu aliposema mtoto ana kitu, wakalipa kile kidogo walichoweza. Sofa inaweza kurudi mahali pake jioni, baada ya mazoezi.