Kenyatta alipokuwa hasla London

Kila usiku pale JKIA utawaona. Kijana ana begi moja kubwa, mama yake anafuta machozi, mjomba anatoa nasaha za mwisho mwisho kabla ya lango. Huyu anaenda Doha, yule Riyadh, mwingine amepata visa ya Canada. Wachache hukumbuka kwamba mzee ambaye uwanja huo umepewa jina lake naye aliwahi kwenda majuu, ila yeye alipanda meli Mombasa, na huko alikokwenda kazi ilimpiga chenga kwa miaka.

Tumezoea kumwona Jomo Kenyatta kwenye noti, au kwenye picha akiwa na usinga mkononi. Huyu tunayemzungumzia hapa ni mwingine. Bado anaitwa Johnstone, yuko kwenye chumba cha kupanga London, na kodi imemshinda.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba hakutoroka umaskini. Alizaliwa miaka ya 1890 huko Gatundu, akaitwa Kamau wa Ngengi, akasomeshwa na wamishonari wa Kiskoti pale Thogoto na kubatizwa mwaka wa 1914. Mwaka wa 1922 akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi, idara ya maji, akiwa karani wa stoo na msoma mita. Mshahara ulikuwa shilingi 250 kwa mwezi. Leo hizo zinaisha kwa soda na chapati, lakini wakati huo Mwafrika kulipwa hivyo lilikuwa jambo la ajabu. Alijenga Dagoretti na kufungua duka, na makarani wazungu ofisini wakiishiwa walimwendea yeye awakopeshe. Shika hilo la kukopesha wazungu, maana mambo yatageuka.

Alimwoa Grace Wahu, wakapata Peter Muigai, kisha Margaret Wambui mwaka wa 1928. Mwaka huohuo aliiacha kazi ya mita akawa katibu wa Kikuyu Central Association, KCA, na mhariri wa gazeti lake la Muigwithania. Shida kubwa ya watu ilikuwa ardhi. Wazungu walikuwa wamechukua mashamba Kiambu na kwingineko, kisha wakawageuza wenye mashamba kuwa vibarua waliovaa kipande shingoni. KCA ikaamua kwamba malalamiko hayo yafikishwe London kwenyewe. Wanachama wakachangishwa, na mnamo Februari 1929 Johnstone akaondoka. Margaret alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Safari ya kwanza haikuzaa mengi. Serikali ya Uingereza haikuwa na haraka ya kumsikiliza, na pesa za KCA zikawa zinaisha haraka kuliko zinavyofika. Alirudi Septemba 1930, akakaa nyumbani miezi michache, na mwaka wa 1931 akaondoka tena, safari hii pamoja na Parmenas Mockerie. Walitaka kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikijadili kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kamati ikakataa kuwaona. Mockerie akarudi nyumbani. Kenyatta akabaki, na hakuikanyaga Kenya tena kwa miaka 15.

Alisoma muda katika chuo cha Woodbrooke, Birmingham, cha Wakristo wa madhehebu ya Quaker. Mwaka wa 1932 alipata nafasi ya kuizungumzia ardhi mbele ya tume ya Carter, kisha akaenda kusoma Moscow. Huko hakudumu. Kufikia 1933 alikuwa amerudi London, na hapo ndipo uhasla wenyewe ulipoanza.

Fikiria hali yenyewe. Uingereza ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na karibu watu milioni 3 hawakuwa na kazi. Wazungu wenyewe, wenye ufundi na vyeti, walikuwa wanapiga foleni. Sasa wewe ni Mwafrika unayekaribia miaka 40, cheti chako ni cha mishonari Thogoto, na ujuzi wako ni kusoma mita za maji za mji ambao mwajiri hajawahi kuusikia. Hata nyumba ni kazi kupata. Ubaguzi wa rangi katika vyumba vya kupanga ulikuwa mkali kiasi kwamba wanafunzi kutoka Afrika Magharibi, kupitia chama chao cha WASU, walifungua hosteli yao wenyewe mwaka wa 1933.

Kenyatta alipata chumba nambari 95, Cambridge Street, mtaa wa Pimlico. Kukilipia ndiko kulikuwa kivumbi. Mara kwa mara kodi ilichelewa, na mama mwenye nyumba, Mwingereza, akawa anamvumilia. Yule jamaa aliyekuwa akikopesha wazungu Nairobi sasa alikuwa na deni kwa mzungu, na nyumbani watu waliomchangia nauli walikuwa wanangoja kusikia habari za mashamba yao.

Kazi aliyoipata mwaka wa 1934 ndiyo inayozungumzwa sana, na mimi nadhani ndiyo inayoeleza mengi. Kampuni ya filamu ya Alexander Korda ilikuwa inatengeneza Sanders of the River katika studio za Shepperton, nje kidogo ya London. Walihitaji watu weusi wapatao 250 wa kujaza kijiji cha Kiafrika kilichojengwa kando ya mto Thames. Kenyatta alikuwa mmoja wao. Pamoja naye walikuwemo mabaharia na makuli wa bandarini, watu waliokuwa wakitafuta riziki kama yeye. Nyota wa filamu alikuwa Mmarekani mweusi Paul Robeson, na urafiki wao ulianzia hapo.

Tatizo lilikuwa hadithi yenyewe. Sanders ni mkuu wa wilaya mzungu, mwema na mkali kama baba, anayewatawala Waafrika wanaoonyeshwa kama watoto. Yaani mtu aliyetumwa London kuueleza ulimwengu kwamba utawala huo ni wa dhuluma alikuwa amesimama mbele ya kamera akiusaidia utawala huohuo upendeze. Waafrika wenzake London walimsema sana. Robeson mwenyewe alipoiona filamu imekamilika aliikana.

Alikosea? Mimi simhukumu. Anayesema angekataa hajawahi kudaiwa kodi ya miezi kadhaa. Lakini pia nisiifanye iwe safi kuliko ilivyokuwa: alijua vizuri kuliko wengi pale studio kile filamu ile ilichokuwa inasema kuhusu nyumbani kwao.

Kazi nyingine ilikuwa ya ajabu zaidi. Chuo Kikuu cha London, katika idara ya fonetiki ya University College, kilihitaji mtu wa kutamka Kikuyu. Mwalimu Lilias Armstrong alikuwa anachunguza sauti za lugha hiyo, hasa namna toni inavyopanda na kushuka na kubadilisha maana ya neno. Kenyatta alikaa naye akitamka, akirudia, akirekodiwa. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitolewa mwaka wa 1940, Armstrong akiwa ameshafariki, na kwenye jalada kulikuwa na jina moja tu, la Armstrong. Kenyatta alishikilia kwamba na lake lilistahili kuwepo.

Ukiziangalia kazi hizo mbili utaona jambo. London haikumlipa hata mara moja kwa yale aliyoyafanya Nairobi: ukarani, uhariri, kuendesha chama. Ilimlipa kwa kuwa Mwafrika. Studio ilinunua ngozi yake, chuo kikanunua ulimi wake. Mwuguzi aliyefika nchi ya watu akaambiwa vyeti vyake havitambuliki, ila kuna kazi ya kumwogesha mgonjwa nyumbani, atalielewa hili bila kuelezwa.

Na alilolifanya Kenyatta na soko hilo ni ujanja wa hali ya juu. Kama Waingereza wako tayari kulipia Ukikuyu, basi na auuze yeye mwenyewe. Akajiunga na darasa la anthropolojia la Bronisław Malinowski katika London School of Economics, akisaidiwa na ruzuku kutoka International African Institute. Hakuwa na digrii ya kwanza ambayo kwa kawaida ilitakiwa. Malinowski alimpokea kwa sababu alitaka watu wa jamii zinazochunguzwa nao wafanye uchunguzi. Katika darasa hilo alikaa na wazungu waliozoea kuieleza Afrika kwa niaba ya Waafrika, mmoja wao Elspeth Huxley, binti wa walowezi wa Thika. Hebu fikiria midahalo yao kuhusu shamba ni la nani.

Insha zake za darasani zikawa kitabu, Facing Mount Kenya, kilichotoka 1938, na dibaji ikaandikwa na Malinowski. Sura kuhusu ardhi ni malalamiko yaleyale ya KCA yakiwa yamevaa suti ya kisomi. Kwenye picha ya mwandishi amejifunga ngozi na kushika mkuki, vazi ambalo Shepperton wangelipenda, ila safari hii aliyelichagua ni yeye. Johnstone naye akaachwa nyuma: jina kwenye jalada ni Jomo Kenyatta, na ndipo ulimwengu ulipolisikia kwa mara ya kwanza.

Ungedhani sasa maisha yalinyooka. Kitabu kiliuza nakala 517.

Vita vilipoanza Septemba 1939, alihamia Storrington, kijiji cha Sussex, kusini mwa London. Bahari ilikuwa imejaa nyambizi za Wajerumani, kurudi nyumbani ilikuwa ndoto. Kisha mnamo Mei 1940 serikali ya kikoloni ikaipiga KCA marufuku na kuwaweka viongozi wake kizuizini. Chama kilichomtuma hakikuwepo tena. Pesa kutoka nyumbani, hata zile za kudonoa donoa, zikakatika kabisa.

Mnamo Agosti 1940 alipata kibarua cha shamba. Kazi ya jembe, matope na baridi, na baadaye kwenye grinihausi za nyanya. Kibarua hicho pia kilimwepusha na kuandikishwa jeshini. Mtu aliyetumwa kupinga Wakikuyu kufanywa vibarua kwenye mashamba ya wazungu aliishia kibarua kwenye shamba la mzungu. Tofauti ni kwamba Sussex hakuna aliyemdai kipande. Alipanga nyumba yenye kipande cha ardhi, akapanda mboga na kufuga kuku, jioni akaenda baa ya kijiji ambako walimbandika jina la Jumbo. Jina hilo lina dharau yake, ingawa waliompa labda waliona ni utani wa marafiki. Alipata pia kazi ya kutoa mihadhara kuhusu Afrika kwa chama cha elimu ya wafanyakazi, na huko angalau alilipwa kwa kufikiri.

Mwaka wa 1942 alimwoa Mwingereza, Edna Clarke, na mwaka uliofuata wakamzaa Peter Magana. Wahu alikuwa hai, Kiambu, akilea watoto wawili. Ndoa ya wake wengi haikuwa kitu kigeni katika mila aliyoiandikia kitabu, lakini Wahu hakuwepo Sussex, na Edna hakulelewa kwenye mila hiyo. Sehemu hii ya maisha yake huwa inapitwa haraka kwenye vitabu vya shule. Uhasla wa majuu hulipwa na watu wengi, na aliyesafiri ni mmoja tu kati yao.

Mnamo Oktoba 1945 alikuwa Manchester kwenye Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika, pamoja na Kwame Nkrumah na George Padmore. Vita vilikuwa vimekwisha, meli zilikuwa zinarudi majini. Septemba 1946 akaondoka. Edna na mtoto walibaki Uingereza, kwa kuwa sheria za ubaguzi za koloni zingewafanya waishi kwa taabu Kenya.

Bandarini Mombasa walimpokea Wahu na watoto. Margaret, aliyeachwa akiwa wa mwaka mmoja, alikuwa sasa ni msichana wa miaka 18. Mwaka uliofuata baba yake alishika uongozi wa chuo cha walimu cha Githunguri, na miaka 5 baadaye Waingereza wakamkamata.

Nyumba nambari 95 ya Cambridge Street bado ipo. Mwaka wa 2005 ilibandikwa bamba la buluu la kumbukumbu, linalosema kwamba Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya aliishi pale kuanzia 1933 hadi 1937. Habari za kodi hazimo.