Mtakatifu Teresa wa Avila na Sala ya Moyo Uliogawanyika

Mtakatifu Teresa wa Avila anajulikana kama bingwa wa sala, na mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho. Ni wachache wanaomfikiria kama mtawa aliyepiga magoti huku akitega sikio kusikia saa ikigonga, ili muda wa sala uishe. Lakini ndivyo alivyokuwa kwa miaka mingi. Alikiri mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa agizo la waungamishi wake.

Alizaliwa Hispania mwaka 1515. Alipoingia monasteri ya Wakarmeli ya Umwilisho, huko Avila, mwaka 1535, hakusukumwa sana na mapendo. Aliogopa jehanamu, akapiga hesabu kwamba taabu za utawa haziwezi kuzidi mateso ya toharani. Baadaye aliugua vibaya, akapooza karibu miaka mitatu. Alipopona akawa mtu wa mazungumzo matamu na wageni waliofika monasterini, na kadiri alivyoyapenda, ndivyo alivyoona haya kukaa peke yake mbele ya Mungu. Mwishowe akaacha kabisa sala ya moyoni kwa zaidi ya mwaka mmoja, akijiambia kwamba huo ni unyenyekevu. Hakuna kishawishi kilichovaa vazi zuri kuliko hicho!

Wakati huo baba yake, mzee Alonso, aliyefundishwa na bintiye huyo kusali, alikuwa amesonga mbele. Teresa alimweleza kwamba yeye ameacha kwa sababu ya maradhi. Maradhi yalikuwa ya kweli. Sababu haikuwa ya kweli. Mzee alimwamini, akamhurumia, na tangu hapo, alipokuja kumtembelea, hakukawia. Aliaga mapema akaenda kusali. Alifariki mwaka 1543, na mungamishi wake, padre Mdominiko, ndiye aliyemrudisha Teresa kwenye sala aliyoiacha.

Hata hivyo moyo ulibaki umegawanyika kwa miaka kumi mingine. Mwaka 1554 aliingia kikanisani, akakuta sanamu ya Kristo mwenye majeraha, iliyoletwa kwa ajili ya sikukuu. Akaanguka mbele yake akilia. Machozi hayakuwa jambo geni kwake. Jambo geni ni kwamba safari hii hakujitumainia tena hata kidogo.

Mwaka 1562 alianzisha monasteri ndogo na fukara ya Mtakatifu Yosefu. Humo aliwafundisha masista kwamba hata anayesali Baba Yetu kwa midomo yampasa ajue anazungumza na nani. Alifariki Alba de Tormes usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582, akimshukuru Mungu kwamba anakufa akiwa binti wa Kanisa.