Mugo wa Kibiru: Mtu aliyechukuliwa usiku akaona nyoka wa chuma

KILA baada ya miaka michache huzuka habari za watu walioona kitu cha ajabu angani. Hata njia yetu ya Mombasa inayo habari yake. Asubuhi ya Februari 19, 1951, ndege ya abiria ya shirika la East African Airways iliondoka Nairobi kuja Mombasa. Haikupita nusu saa, mwendesha redio akamwonyesha rubani kitu cheupe kinachong'aa juu ya Mlima Kilimanjaro. Walikitazama kwa dakika nyingi, wao na abiria wao, na baadaye wakaeleza kwamba kilikuwa na umbo la risasi kubwa mno ya madini, kimesimama tuli hewani, kisha kikapaa na kutoweka. Magazeti ya siku zile yaliiandika habari hiyo, na mpaka leo wapenzi wa mambo ya angani huitaja.

Wapenzi hao, hasa wa Ulaya na Marekani, wamekwenda mbali zaidi. Wako wanaodai kwamba watu hunyakuliwa usiku wakiwa kitandani, wakapelekwa pasipojulikana, na kurejeshwa kabla ya alfajiri wakiwa na michubuko mwilini na ulimi mzito. Wengine hutiwa usingizi na mabingwa wao, wakaulizwa maswali katika usingizi huohuo, na majibu yao yakaandikwa kana kwamba ni ushahidi wa sayansi. Vitabu vingi vimeuzwa kwa njia hii.

Lakini, ndugu msomaji, kisa cha mtu aliyechukuliwa usiku akarudi na michubuko hakikuanzia Marekani. Hapa kwetu Kenya kilisimuliwa kabla Mmarekani yeyote hajaota kukiuza.

Panda gari hadi Thika, kisha uingie Kiganjo. Siyo Kiganjo ya Nyeri penye chuo cha polisi, bali hii iliyo pembeni mwa mji wa Thika, si mbali na Ruiru. Katika lugha ya Kikuyu kiganjo ni mahali palipokuwa na boma, wenyewe wakahama. Mswahili hahitaji mkalimani kwa neno hilo, maana Pwani nasi tunayo maganjo yetu, na maana ni ileile. Ukiwa hapo, upande wa machweo ardhi huanza kupanda, mgongo baada ya mgongo, kuelekea Gatundu, Gatanga na milima ya Nyandarua. Hiyo ndiyo nchi ya Mugo wa Kibiru, ambaye wengine humwita Chege wa Kibiru, mwaguzi mashuhuri kuliko wote katika historia ya Wakikuyu.

Aliishi katika karne ya 19. Yasemekana kwamba mtu mmoja aitwaye Kibiru, wa Kariara, alimkuta mtoto peke yake msituni, hana baba wala mama, akamchukua na kumlea kama mwanawe. Wazazi wa mtoto hawakujulikana kabisa. Mimi kisa hiki sikipi uzito sana. Kila taifa hupenda mtu wake wa ajabu awe ametoka pasipojulikana. Lililo wazi ni kwamba alipokua alikuwa mundu mugo, yaani mganga na mwaguzi, kazi yenye heshima kubwa miongoni mwa watu wake, na kwamba wazee walimsikiliza.

Jomo Kenyatta, aliyezaliwa katika migongo hiyohiyo ya Gatundu na ambaye babu yake mwenyewe alikuwa mganga, ndiye aliyekieneza kisa cha Mugo duniani, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya mila za Wakikuyu. Anasimulia kwamba alfajiri moja mwaguzi huyo aliamka akitetemeka mwili mzima, hawezi kusema neno. Ngozi yake ilikuwa imejaa michubuko. Wake zake walipomwona hivyo wakaingiwa na hofu, wakaita watu, na wazee wakakusanyika. Ikachinjwa sadaka kumwomba Ngai, yule Mungu mmoja ambaye Wakikuyu wanamwelekea upande wa Mlima Kenya. Mwaguzi akapakwa mafuta, na taratibu ulimi wake ukafunguka. Akaeleza kwamba usiku ule, katika usingizi wake, Ngai alimchukua akampeleka nchi asiyoijua, akamwonyesha mambo yatakayowafika watu wake.

Tungelikuwa sisi, tungesema amekaliwa na jinamizi. Na madaktari wa leo hawako mbali na maneno yetu, kwani wanasema kwamba pengine akili huamka kabla ya mwili, na mtu akajikuta hawezi kusogeza mkono wala kufungua kinywa, huku ndoto ikiendelea mbele ya macho yake. Ni jambo linalowapata watu wengi wazima wa afya. Jinamizi, hata hivyo, halielezi michubuko. Pia halielezi kwa nini kisa cha mtu huyu kilikumbukwa na vya wengine vikasahauliwa. Jawabu la hilo limo katika aliyoyasema.

Alisema wageni watatoka katika maji makubwa, rangi ya miili yao ikifanana na kile kichura cheupe kinachoishi majini, na nguo zao zikiwa kama mabawa ya vipepeo. Watachukua mikononi fimbo zinazotoa moto, mbaya kuliko mishale ya sumu. Nyuma yao watamleta nyoka wa chuma mwenye miguu mingi kama jongoo, anayetema moto, naye atajinyoosha kutoka maji makubwa ya mashariki hadi maji makubwa ya magharibi. Njaa kali itatangulia kama ishara. Na mataifa yatachanganyika, watu wakitendeana bila huruma.

Vijana waliposikia hayo damu ikawachemka. Walitaka kushika mikuki wakamngojee nyoka huyo njiani. Mugo akawazuia. Akawaambia kwamba mkuki hautatoboa chuma, na atakayepigana atamaliza watu wake bure. Wageni wapokelewe kwa adabu, lakini wasiaminiwe, wala wasikaribishwe karibu na maboma, kwa sababu watayatamani mashamba na mwishowe kuyachukua.

Ushauri huu ndio uliobeba uzito wa kisa kizima, na watu wake waliulipia. Mwaka 1890 Lugard alifika Dagoretti kwa niaba ya Kampuni ya Waingereza, akafanya udugu na Waiyaki wa Hinga kwa kiapo, akajenga ngome karibu na boma lake. Haukupita muda mrefu watu wa Kampuni wakaanza kuchukua vyakula na mali kwa nguvu, mapigano yakazuka, na mwaka 1892 Waiyaki akakamatwa na kuanza kupelekwa Pwani akiwa mfungwa. Alifia Kibwezi, hakuiona bahari. Ule ukaribu ambao mwaguzi aliuonya ndio uliomponza.

Njaa ikaja. Kati ya 1897 na 1900 mvua zilikosekana, na ndui na maradhi ya ng'ombe yakaongeza msiba, maboma mengi ya nchi ile yakageuka viganjo kweli. Naye nyoka alizaliwa nyumbani kwetu. Mei 30, 1896 taruma la kwanza la reli lilitandikwa Mombasa. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa katika kazi hiyo. Mei 1899 reli ilifika Nairobi, na Desemba 1901 ikagusa ziwa, mahali panapoitwa Kisumu. Kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi, kama alivyosema. Tawi la Thika likaja mwaka 1913, nyoka akapita karibu na mlango wa mwaguzi mwenyewe.

Je, aliyajuaje?

Hapa msomaji wa Pwani ana haki ya kusimama kidogo na kujitazama. Miaka mingi kabla ya Lugard, misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipita pembezoni mwa nchi ya Wakikuyu kutafuta pembe za ndovu na chakula cha njiani, na kabla yao walipita Wakamba wakifanya biashara hiyohiyo. Wapagazi wa Pwani ndio waliomfikisha Thomson Ngong mwaka 1883. Mwaka 1887 Teleki, Mzungu wa kwanza kuikata nchi ya Wakikuyu, alipita akiwa na mamia ya wapagazi wetu, na miongoni mwa viongozi wa msafara wake alikuwamo Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara maarufu wa pembe. Watu hawa walibeba magobori. Walikuwa wamewaona Wazungu katika mitaa ya Unguja, weupe wao, na nguo zao zinazopeperuka. Tena huko Unguja, katika miaka ya 1880, Sayyid Barghash alikuwa na reli yake ndogo iliyotoka mjini kwenda Chukwani, na gari lake la moshi. Mpagazi aliyekwisha kuliona gari hilo likikohoa cheche, akakaa usiku kando ya moto na Wakikuyu akingojea viazi na maharagwe, angelieleza kwa maneno gani kwa watu wasiolijua? Bila shaka angesema ni nyoka, wa chuma, anatema moto.

Basi huenda yule aliyemwonyesha Mugo nchi ya mbali alikuwa babu wa mmoja wetu, mwenye kanzu iliyochakaa na maneno mengi. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nasema kwamba njia ilikuwapo, na habari hupita njiani pamoja na shanga na nguo za marekani. Mtu mwenye akili kubwa akizisikia habari vipande vipande, usiku zikajiunga katika ndoto, asubuhi anaweza kuamka akitetemeka kweli, wala asiwe mwongo.

Na kuna jambo jingine la kukumbuka. Maneno yake yaliandikwa reli ikiwa na umri wa zaidi ya miaka 30. Masimulizi ya mdomo ni kama kisu, kila anayekitumia hukinoa. Huenda Mugo alisema nyoka, na wajukuu, waliokwisha kulipanda gari moshi, wakaongeza maji ya magharibi.

Masheikh wetu wametufundisha kwamba ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba kumwendea mwaguzi na kumsadiki ni kosa kubwa. Lakini wametufundisha pia kwamba ziko ndoto za kweli. Ni haki kusema kwamba Mugo, kwa masimulizi ya watu wake, hakudai kuyajua mambo kwa uwezo wake. Alisema ameonyeshwa. Zaidi ya hapo simwingizi katika mizani isiyo yangu. Ninachoweza kupima ni ushauri wake kwa vijana wale, na huo ulikuwa ushauri wa mtu mzima aliyewapenda watu wake.

Imebaki habari ya mti. Wakikuyu huuheshimu sana mugumo, mti mkubwa wa jamii ya mikuyu, ambao chini yake wazee walikuwa wakitoa sadaka kwa Ngai. Ulikuwapo mugumo mmoja hapo Thika, na inasimuliwa kwamba Mugo aliutaja akasema siku utakapoanguka ndipo utawala wa wageni utakapokwisha. Wenyeji wanaeleza kwamba wakoloni walipopata habari hizo hawakucheka. Waliuzungushia mti ule pete ya chuma ili usipasuke. Fikiria, msomaji, serikali yenye mizinga, ndege na mahakama, inaufunga mti mshipi! Miongoni mwa majaribio yote ya ajabu yaliyofanywa katika nchi hii kwa jina la maarifa, sijasikia linaloshinda hilo. Na hata kwa sayansi yao wenyewe lilikuwa bure, kwa sababu radi hutafuta kilicho kirefu, na ikipita katika shina lenye utomvu, maji ya ndani huchemka mara moja na mti hupasuka kwa nguvu isiyozuiliwa na pete. Masimulizi ya Thika yanasema radi ilishuka ikaupiga, mti ukapasuka pande mbili, na mwaka 1963 ukaanguka, kipande huku na kipande kule. Mahali hapo pakaitwa Mugumo Gardens.

Juni 1 mwaka huo Kenya ilipata madaraka ya ndani, na Desemba 12 bendera ya Mwingereza ikateremshwa Nairobi. Mwezi huohuo, huku kwetu Mombasa, ikashuka bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar iliyokuwa ikipepea juu ya Ngome ya Yesu kwa ajili ya ule ukanda wa maili 10. Katika yote ambayo Mugo wa Kibiru anasimuliwa kuyaona usiku ule, sikupata popote alipoitaja bendera hiyo.