BIBI TITI MOHAMED NA NGUVU YA HUTUBA



Kila mwaka siku za Maulidi na mahafali zinapokaribia hapa Mafinga, wanafunzi waliopangiwa kuhutubia hunijia na karatasi zao. Nyingi huwa zimeandikwa vizuri, hati safi, maneno mazito. Nikimuuliza mwenye karatasi ni nani atakayekaa mbele yake na anataka mtu huyo afanye nini akirudi nyumbani, hunyamaza. Kwa ajili hiyo mwaka huu nimeona niwaandikieni maisha ya mama mmoja ambaye swali hilo alilijibu kabla ya kufungua kinywa chake.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1926. Baba yake hakutaka binti yake aende shule ya serikali, hivyo masomo yake ya kwanza yalikuwa ya Qur'ani. Baba alipofariki, mama yake alimpeleka shule, naye akafika darasa la nne tu. Mjini hakujulikana kwa elimu, alijulikana kwa sauti. Alikuwa mwimbaji mkuu wa kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba. Najua wapo wazazi watakaoguna wakiona ngoma imetajwa katika jarida la madrasa, lakini historia haichagui, na bila ya Bomba habari hii haielezeki.

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na Bibi Titi alikuwa miongoni mwa wanachama wake wa mwanzo kabisa. Chama kilikuwa na shida moja kubwa. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imewapiga marufuku watumishi wake Waafrika wasiingie katika siasa, na wengi wa wanaume waliosoma walikuwa watumishi wa serikali. Mwaka 1955 alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Viongozi wakatazamana. Ndipo Bibi Titi alipoitwa na kupewa kazi ya kuwaleta.

Sasa tazameni alivyojitayarisha. Hakukaa chini kuandika karatasi. Alifikiri kwanza ni nani wanaosikilizwa na wanawake wa Dar es Salaam, akaona ni viongozi wa vikundi vya ngoma. Kila kikundi kilikuwa na mwenyekiti wake, na mwenyekiti akisema jambo, wenziwe hulifuata, iwe ni sare, harusi au msiba. Basi akawaendea wale viongozi wenyewe, akazungumza nao wakamwelewa, akawaomba wawalete watu wao. Mwezi Julai 1955 wanawake kwa mamia walijaa katika ukumbi wa Arnautoglu. Walikuja na viongozi wao, na wakamkuta msemaji ambaye wengi wao walikuwa wamekwisha kumsikia akiimba. Mimi naona nusu ya kazi ya hutuba ile ilikuwa imemalizika kabla hajasimama.

Hata hivyo kusimama penyewe si jambo dogo. Kuimba mbele ya watu alikuwa amezoea, lakini kuhutubia juu ya siasa mbele ya umati kulikuwa kugeni kwake na kwa wanawake wote mjini. Hakuwaelezea habari za katiba wala Umoja wa Mataifa. Alianza na kitu walichokuwa nacho tayari mikononi mwao, yaani uzazi. Aliwaonyesha kwamba wanaume wote wenye kutawala na wenye kutawaliwa wametoka matumboni mwa wanawake, kwa hiyo nguvu ya dunia wanayo wao, na uhuru hautapatikana ikiwa wao wamekaa kando. Kisha hakuwaacha hewani. Aliwaambia wajiunge na wachukue kadi. Mtu aliyeshawishika alijua la kufanya palepale.

Katika muda wa miezi mitatu hivi wanawake 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Wako waliozificha kadi zao wasizione waume zao, na wako ambao waume zao, watumishi wa serikali, walifurahi kimya kimya kwamba nyumba imeingia chamani kwa mlango wa nyuma. Baadaye Bibi Titi alizunguka nchi akihutubia, mara kwa mara akiwa pamoja na Mwalimu Nyerere.

Baada ya uhuru mwaka 1961 aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika na akawa waziri mdogo. Lakini wanafunzi msidhani kwamba ulimi hufungua kila mlango. Mwaka 1965 aligombea ubunge Rufiji akashindwa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, naye alikuwa nazo. Hakukubaliana na sharti hilo akajiuzulu uongozi. Hapo kila hoja aliyoitoa, hata kama ilikuwa na uzito, ilipimwa pamoja na nyumba zake. Wasikilizaji ndivyo walivyo, humsikia msemaji huku wanamtazama.

Mwaka 1969 alikamatwa, akashitakiwa pamoja na wenzake kwa uhaini, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiliwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Aliyekuwa akiwakusanya maelfu akarudi nyumbani, na watu wengi wakaogopa kuonekana mlangoni kwake. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa sana, mpaka baadaye lilipoanza kurudishiwa heshima yake.

Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 akiwa Johannesburg, Afrika Kusini, alikopelekwa kutibiwa. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwenye kusafiri kwenda Dar es Salaam akipita Mnazi Mmoja ataiona barabara pana yenye jina lake, na ukumbi wa Arnautoglu uko hapo jirani.