Fergus Suter, Mwashi Aliyelipwa kwa Siri

Jioni hapa Kwa Mrombo, waashi na vibarua wakishateremka kutoka kwenye majengo, vijana hukimbilia viwanja vya vumbi kucheza kandanda. Wengi wao wanaota siku watakapoishi kwa mpira. Ndoto hiyo si ya kuchekwa. Mwaka 2020 Mtanzania mwenzetu, Mbwana Samatta, aliichezea Aston Villa katika Ligi Kuu ya Uingereza, akalipwa hadharani kwa mkataba. Lakini haki ya mchezaji kulipwa haikuteremka kutoka mbinguni. Ilipatikana kwa taabu, na miongoni mwa waliotangulia kuipitia taabu hiyo ni mwashi mmoja wa Uskoti, jina lake Fergus Suter. Maisha yake yafaa kukumbukwa na kila mfanyakazi.

Suter alizaliwa katika mji wa Glasgow, Novemba 1857. Alifanya kazi ya uashi wa mawe, na saa za mapumziko aliichezea timu ya Partick. Zama zile Waskoti walikuwa na mchezo wao. Waingereza walipenda mtu mmoja ashike mpira na kupiga chenga mpaka apokonywe. Waskoti walipasiana, kila mmoja akimtazama mwenziwe aliye mahali pazuri. Ustadi huo ndio uliowafanya watafutwe na timu za Uingereza.

Siku ya Mwaka Mpya 1878 Partick ilikwenda kucheza Darwen, mji mdogo wa viwanda vya pamba katika jimbo la Lancashire. Oktoba mwaka huo huo benki kubwa ya City of Glasgow ilifilisika, na ujenzi mjini Glasgow ukaanguka pamoja nayo. Kabla ya mwaka kwisha Suter alikuwa amehamia Darwen, ambako mwenzake wa Partick, James Love, alikuwa naye akicheza. Yasemekana alishika uashi kwa muda mfupi tu, kisha akauacha akieleza kwamba mawe ya Lancashire ni magumu mno na yanamvimbisha mikono. Hapo watu wakaanza kuulizana: mtu asiye na kazi anakula nini?

Swali hilo lilikuwa zito. Mpira wakati ule uliongozwa kutoka London na mabwana waliosoma katika shule za matajiri, kama Eton. Kwao kucheza kwa malipo kulikuwa aibu. Mwaka 1882 chama chao kiliandika sheria iliyokataza mchezaji kupewa chochote zaidi ya gharama zake na ujira alioupoteza kwa ajili ya mchezo. Sheria hiyo ilionekana sawa kwa wote, lakini haikuwa hivyo. Mwenye mali aliweza kufanya mazoezi na kusafiri apendavyo. Mfanyakazi wa kiwandani alikuwa na Jumamosi mchana tu, na akiumia mguu hakuwa na wa kumlisha.

Ubaya wake ulionekana mapema, mwaka 1879, Darwen walipokutana na Old Etonians katika robo fainali ya Kombe la Chama. Zikiwa zimesalia kama dakika 15, Darwen walikuwa nyuma kwa mabao 5 kwa 1. Wakasawazisha yote, 5 kwa 5. Walipotaka muda wa nyongeza, wapinzani wao wakakataa. Ikawapasa kurudi London mara ya pili, wakatoka 2 kwa 2, na mara ya tatu, wakafungwa 6 kwa 2. Nauli ilitokana na michango ya watu wa mji wao, ilhali Etonians walichezea mlangoni pao.

Mwaka 1880 Suter aliihama Darwen, akajiunga na jirani zao, Blackburn Rovers. Watu wa Darwen walikasirika sana, wakidai kwamba amenunuliwa. Tusiwalaumu haraka, kwani ni wao waliompokea alipokuwa mgeni. Lakini tujiulize pia: fundi akihama kutoka kwa tajiri mmoja kwenda kwa mwingine anayelipa vizuri zaidi, je, huitwa msaliti?

Huko Blackburn alicheza beki, na mwaka 1882 akafika fainali, wakafungwa na Old Etonians bao 1 kwa 0. Mwaka uliofuata timu nyingine ya mji huo huo, Blackburn Olympic, yenye wafanyakazi wa viwandani, iliwashinda Etonians na kulitwaa kombe. Kisha Rovers wakalichukua mara tatu mfululizo, 1884, 1885 na 1886, Suter akiwamo kila mara.

Kwa muda mrefu malipo yalikuwa yakipita kwa siri. Suter mwenyewe alieleza baadaye kwamba wachezaji hawakuwa na mshahara uliopangwa. Mtu akiwa na shida alimwendea mweka hazina. Mwaka 1884 Preston North End walitolewa katika mashindano kwa sababu ya kulipa wachezaji, na kiongozi wao hakukana. Timu nyingi za kaskazini zikatishia kujitenga na kuanzisha chama chao. Mabwana wa London wakaona hawana budi kukubali, na Julai 1885 malipo yakahalalishwa.

Je, Suter alivuna nini? Huko kwao Uskoti malipo hayakuruhusiwa mpaka 1893, na wachezaji waliokwenda Uingereza hawakuchaguliwa katika timu ya taifa mpaka 1896. Kwa hiyo bingwa huyo wa makombe matatu hakuvaa kamwe jezi ya nchi yake. Ligi ilipoanzishwa mwaka 1888, kwa juhudi za Mskoti mwenzake William McGregor wa Aston Villa, nguvu zilikuwa zimemwishia. Alicheza mechi moja tu, Desemba mwaka huo, tena akiwa golikipa badala ya mwenye nafasi yake. Baadaye aliendesha nyumba ya wageni, akafariki mwaka 1916. Mwenzake Love hakuiona hata siku ile ya 1885. Alijiunga na jeshi akafa Misri mwaka 1882.

Ndugu msomaji, Suter hakuwa malaika. Alihama palipomlipa, na alipokea alichopewa bila kukitangaza. Lakini kosa kubwa halikuwa ujira, lilikuwa siri. Ujira wa siri humfanya mchezaji awe mwombaji. Hana karatasi ya kuonyesha akidhulumiwa, wala pa kushtaki akivunjika mguu. Ujira ulioandikwa humpa heshima ya mfanyakazi, na humpa mwenye timu haki ya kumdai kazi yake.

Basi kijana wa Kwa Mrombo atakayeitwa kesho na timu yoyote, kubwa au ndogo, na ashukuru, lakini asitosheke na ahadi ya mdomo. Aombe mkataba, ausome, na asiyejua kusoma vema amwombe mtu anayemwamini amsomee kabla ya kutia saini. Wazazi na viongozi wa timu zetu nao wasimwone mtaka mkataba kuwa mkaidi. Suter alizunguka miaka saba kwa mficho kabla ujira wake haujawa halali. Sisi hatuna sababu ya kurudi huko.